Ma, Me, Mi, Kofi, Mu

Hapo zamani, katika kijiji kimoja cha milimani ambako ukungu huamka mapema kuliko watu, akina mama ndio waliowafundisha watoto sauti. Mwalimu alikuwako, lakini alikaa ng'ambo ya bonde, na hakupokea mtoto asiyejua neno linaanzaje. Mtoto akifikishwa mlangoni kwake, mwalimu aliinua kitu chochote kilichokuwa karibu.

"Hiki ni nini?"

"Kikapu."

"Kinaanzaje?"

Mtoto akijibu "Ki," aliingia ndani. Akikaa kimya, alirudishwa na mama yake, na njia ya kurudi ilikuwa ndefu, maana kila waliyekutana naye alijua wametoka wapi na wamepata nini.

Basi kila mama alifundisha. Aliyemenya ndizi alifundisha akimenya, aliyefua alifundisha akifua. Ungepita kijijini asubuhi ungesikia kila jiko na sauti yake: huku ba, be, bi, kule ka, ke, ki, na mtoto mmoja analia kwa sababu amesema njugu inaanza na ju.

Katika kijiji hicho alikuwapo mwanamke kijana aliyeitwa Lusungu. Alikuwa mtu wa haya. Akitumwa kwenye nyumba yenye wageni alisimama nje bila kubisha, mpaka mbwa ambwekee ndipo wenyewe watoke. Mumewe aliitwa Ambele, mkata mianzi, mtu mcheshi. Mtoto wao mmoja wa kike aliitwa Temwa, na meno yake ya utoto yalikuwa bado yote kinywani. Na baba yake Ambele, baba mkwe wa Lusungu, aliitwa Mzee Moyo.

Lishikeni jina hilo, maana jambo lote limelala humo.

Katika kijiji hicho mwanamke aliyeolewa hakutaja jina la baba mkwe wake. Hata sauti ya kwanza ya jina hilo hakuitia kinywani, iwe peke yake au mwanzoni mwa neno; katikati na mwishoni haikuhesabiwa. Mwenye mkwe aitwaye Kabuje hakusema kaka wala kamba wala kaa. Mwenye mkwe aitwaye Sanga hakusema sabuni. Wanawake walizoea, walizungukazunguka, na wengine walizunguka kwa ufundi hata watu wakapenda kuwasikiliza. Lusungu mkwe wake alikuwa Moyo. Sisi si wakwe zake, kwa hiyo tutaitaja: sauti aliyonyimwa Lusungu ilikuwa mo.

Hebu fikirini mwanamke anayepika bila kusema moto. Lusungu aliuita "jekundu." Moshi aliuita "wingu la jikoni." Akihesabu kuku alianza, "Peke, mbili, tatu." Moyo ukimuuma alisema kifua.

Dawa ya jambo hilo ilikuwapo. Baba mkwe akiridhika na mkamwana wake alimwita mbele ya watu, akampa kuku hai, akamwambia, "Taja." Mwanamke akataja jina, watu wakapiga vigelegele, na tangu siku hiyo kinywa chake kikawa huru. Mzee Moyo aliridhika na Lusungu tangu mwaka wa kwanza, na kuku alikwisha kumchagua, tetea mweusi mwenye shingo tupu. Lakini tetea yule alipokuwa tayari kukamatwa alikuwa analalia mayai, na alipomaliza kulalia alikuwa na vifaranga, na vifaranga walipokua alianza kutaga tena.

"Kuku wa mkamwana huyu," Mzee Moyo alisema kila mgeni alipopita. "Vikikua hivi, nitamfungua."

Navyo vilikua, na msimu ukapita. Ukweli ni kwamba mzee alipenda kumsikia Lusungu akilizunguka jina lake. Kila aliposema "jekundu," mzee alitabasamu kwa siri, kama mtu anayepishwa njiani.

Temwa alipofikia umri wa kufundishwa, Lusungu alimkalisha karibu naye wakichambua maharage.

"Mdomo unaanzaje?"

"Mmm."

"Umeifanyaje midomo yako?"

"Nimeifunga."

"Ndivyo. Neno halijatoka, lakini mtu akikuangalia anajua lipo nyuma ya midomo, linakuja. Ma?"

"Mama."

"Me?"

"Meza. Menya. Mende."

"Mende mwache huko huko. Na baba anaanzaje?"

Temwa akafikiri, akajishika midomo kwa vidole. "Nayo nimefunga."

"Ba. Baba, babu, bata. Umefunga, halafu ukafungua kwa nguvu. Haya, tuimbe. Ma, me, mi—"

Hapo Lusungu alijipiga paja kofi, paa, akaendelea, "mu."

"Ma, me, mi," Temwa akaimba, akajipiga paja, paa, "mu." Akacheka, maana mahali pa kofi palikuwa patamu kuliko pengine pote. Kisha akauliza, "Mama, kofi linaanzisha maneno gani?"

"Maneno ambayo mama hayasemi."

"Baba anayasema."

"Baba si mama."

Sasa mnaweza kuuliza, je, mtoto hakusikia sauti ile kwa wengine? Alisikia. Kwa babu yake aliisikia, kwa baba yake aliisikia, na jirani yao mama Sekela hakuwa na cha kuogopa, akaisema kutwa. Temwa aliijua. Na mjukuu hakukatazwa. Mjukuu katika kijiji kile aliweza kumwita babu yake kwa jina, akamvuta ndevu, akamwambia nimekuoa, na watu wakafurahi.

Kilichotokea ni hiki. Siku ya mavuno wanawake walikuwa wamekaa pamoja wakipukuchua mahindi, na Lusungu miongoni mwao, kimya kama kawaida. Temwa akatoka jikoni mbio akasema kwa sauti, "Babu Moyo, moto umezimika, leta moto!"

Mama Sekela, ambaye ulimi wake haukupata kulala njaa, akatupa gunzi akasema, "Lusungu, wewe mjanja. Mwenyewe hutaji, umeajiri mdogo wa kukutajia."

Wanawake wakacheka mpaka wakashikana. Hawakucheka kwa ubaya. Mzee Moyo mwenyewe alicheka, akaenda kuleta moto. Lakini Lusungu hakuona kicheko. Aliona macho yote yamemgeukia, akaona kwamba huko majumbani kwao watasema mke wa Ambele amemfundisha mtoto kumtukana mkwe wake. Alipofika kwake alimkalisha Temwa, akamwekea kiganja mdomoni.

"Usiiseme tena ile."

"Ipi?"

"Ile ya kofi. Ukitaka kuisema, piga kofi. Umesikia?"

Temwa akaitikia kwa kichwa chini ya kiganja. Tangu hapo, alipotaka kusema moto alipiga makofi akasema "to." Alipotaka kusema moshi alipiga makofi akasema "shi." Na kwa kuwa alikuwa mtoto mtiifu, hakukosea.

Lusungu aliona jambo halijakaa vizuri. Bonde lilikuwa likimngoja mtoto, na mwalimu angeinua kitu kinachoanza na sauti ile. Akamwambia mumewe wakati akimpa chakula.

"Mfundishe wewe ile sauti. Mwambie wewe kwamba kusema anaruhusiwa. Mimi nimemkataza, na sasa nashindwa kumwondolea katazo bila kuitaja."

"Ipi?" akauliza Ambele.

"Ile."

"Ipi, mama Temwa? Zipo nyingi. Nitajie nijue."

Akacheka, na Lusungu naye akacheka kidogo akiwa ameinama. Ambele akasema atamfundisha kesho. Kesho mianzi ilikuwa na mteja. Lusungu alimkumbusha, na Ambele akamtania tena, na utani ule ukawa mtamu kwao, wakawa wanaucheza kila jioni, na mtoto hakufundishwa.

Jirani, mama Sekela, alimpenda Temwa. Watoto wake walikuwa wameolewa mbali, na shamba lake la maharage lilipakana na uwanja wa Mzee Moyo, katikati pakiwa na ua wa matete marefu. Akilima upande wake, Temwa alikuja upande wa pili wakacheza sauti bila kuonana. Mmoja anataja sauti, mwingine anajibu maneno yanayoanza nayo mpaka yamwishie.

"Ki!" Temwa anasema.

"Kiazi, kijiko, kiroboto. Zamu yangu. Nya!"

"Nyama. Nyanya. Nyani. Mama Sekela."

"Mimi naanza na nya?"

"Unafanana na nyani."

"Nitakuja huko nikuonyeshe." Na jembe likaendelea huku yeye akicheka peke yake.

Makofi ya Temwa alikuwa akiyasikia. Alidhani ndiyo ya kuanzishia mchezo. Hakuuliza.

Ikafika siku hiyo. Ilikuwa alasiri yenye upepo. Ambele alikuwa kwenye mianzi. Lusungu alikwenda mtoni kufua, akamwacha Temwa kwa babu yake, maana ndivyo alivyomwacha siku zote. Mzee Moyo alikuwa na mguu uliomsumbua kwa baridi, na alizoea kuweka kigae cha makaa chini ya kitanda. Akajilaza. Usingizi ukampata. Ukuta wa matete wa nyumba ukashika moto.

Temwa alikuwa nje akipanga mawe. Akaona. Akaingia akamtikisa babu, babu akakoroma. Akatoka mbio mpaka kwenye ua wa matete, maana upande wa pili alisikia jembe. Upepo ulikuwa ukiupeleka moshi bondeni, na mama Sekela hakuona kitu wala hakunusa kitu.

Mtu akishikwa na hofu, neno humjia lilelile moja. Temwa alikuwa nalo. Akapiga makofi.

"Paa! To!"

"Tope," mama Sekela akajibu, akiinua jembe.

"Paa! To! Paa! To!"

"Tone. Tofali. Unadhani nitakwama leo?"

"Babu! Babu!"

"Babu yako amelala, mwache apumzike. Tucheze sisi. To, to... tohara. Hilo hukulijua."

Temwa akaanza kulia. Akalia akipiga makofi, akisema to, to, to, na mama Sekela alimsikia akilia.

"Ah, usilie, mwanangu. Nimekushinda mara hii tu. Lete sauti nyingine, nitashindwa."

Kisha makofi yakanyamaza. Temwa alikuwa amerudi ndani.

Mama Sekela alilima mstari mzima kabla upande mmoja wa paa la nyumba haujaporomoka. Mlio wa paa ndio uliomtoa. Alipasua ua wa matete kwa kifua chake, akaingia ndani, akamkuta mtoto anamvuta babu yake mkono na babu anakohoa hajui mlango uko wapi. Aliwatoa wote wawili. Na tusimpunje: bila yeye wasingetoka.

Hakufa mtu. Nyumba iliungua, na ghala la mahindi, na mkono wa kulia wa Mzee Moyo ulipona ukiwa umekunjamana, vidole havinyooki tena. Temwa hakuungua hata unywele.

Lakini hakusema tena.

Hakusema siku ile, wala siku iliyofuata, wala maharage yalipovunwa. Alikula, alilala, alichota maji kwa kibuyu chake. Alipoulizwa, aliangalia. Lusungu alimwimbia ma, me, mi, akasimama pale pa kofi, akingoja mkono mdogo upige paja. Mkono haukupiga. Mtoto alimtazama mama yake midomo, kisha akatazama pengine, kama mtu aliyewahi kununua kitu kikavunjika na hataki kingine cha aina ileile.

Mkunga aliyewazalisha wanawake wa pale akaitwa. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye haraka, aliyechukia kukaa kwenye nyumba za watu. Akamkagua Temwa ulimi, akamkagua koo.

"Hana ugonjwa," akasema. "Huyu amefungwa mdomo. Aliyemfunga ndiye atakayemfungua. Nitawaletea maji ya chemchemi. Mwenye kosa aseme kosa lake, atie maji kinywani mwake, ampulizie mtoto kifuani."

"Tufanye sote," akasema Ambele.

"Nani amekwambia ni karamu? Ni mtu mmoja. Na inafanywa mara moja. Akishika mtu asiye na kosa lile, maji yamekwenda bure, na hayarudiwi mpaka mtoto ang'oke meno ya utoto yote. Huyu bado hajang'oka hata jino. Atakuwa binti mkubwa, na mwalimu wenu huko ng'ambo hapokei binti mkubwa bubu." Akafunga kitenge chake. "Na lingine. Mtoto akishapuliziwa, anamjua aliyemkosea. Atamsamehe. Lakini atamjua, mpaka uzeeni kwake. Mkifikiri hilo ni jepesi, fikirini tena."

Akaleta maji, akayaweka juu ya kigoda na kata ya kibuyu ndani yake, akaenda zake.

Wakakaa wanne kukizunguka kigoda, uwanjani, mbele ya majivu ya nyumba. Temwa alikaa chini katikati yao akitazama maji. Tetea mwenye shingo tupu alikuwa akichakura majivuni, mzima kabisa, na vifaranga vipya.

Mama Sekela ndiye aliyenyoosha mkono kwanza.

"Lete hapa tumalize. Hakuna la kuzungumza. Huyu mtoto hakumwita Ambele, hakumwita Lusungu. Aliniita mimi. Alisimama pale kwenye ua, akaniita kwa akili yake yote, na mimi nikamjibu tope. Nikamjibu tone. Alipolia nikamwambia nimekushinda. Watu wananisifu kwamba niliwatoa. Niliwatoa! Ningewatoa wakati bado kuna mlango. Mtoto hakunyamaza kwa sababu ya mila wala nini. Alinyamaza kwa sababu alisema na mtu mzima akacheza."

Ambele akaishika kata ikiwa mkononi mwa mama Sekela.

"Iachie, mama Sekela. Wewe uliitikia ulichosikia. Hukujua kofi ni neno. Mimi nilijua. Mke wangu aliniambia waziwazi, mfundishe, mimi nimefungwa. Aliniomba jambo ambalo lingechukua muda wa kuvaa viatu. Nami nikamwambia nitajie nijue." Akamtazama mkewe. "Nilikuwa napenda anavyoinama akicheka. Ndiyo sababu, hakuna nyingine. Nilikuwa namfanyia mke wangu utani kwa ulimi wa mwanangu."

"Wewe ni mvivu tu," akasema mama Sekela. "Uvivu haufungi mtoto mdomo."

"Na kutosikia kunafunga?"

"Nilisikia! Ndilo ninalokwambia, nilisikia."

Mzee Moyo akagonga ardhi kwa mkono wake mzima.

"Mna kelele ninyi. Jina ni la nani?" Akaigonga tena. "Nimeuliza, jina ni la nani? La Ambele? La huyu mwanamke wa maharage? Ni langu. Sauti ilifungwa kwa ajili yangu, na ufunguo ulikuwa kwangu, unachakura pale. Mnasema kuku alikuwa analalia. Kijijini kuna kuku mmoja? Ningeweza kuazima jogoo kwa jirani, nikamfungua mkamwana huyu kabla mtoto hajazaliwa. Sikutaka. Nilipenda kuzungukwa. Mtu mzee hana vingi, watu hawamsikilizi, mguu haumtii; nikimsikia akisema 'jekundu' nilijua bado nipo. Basi nimeungua na nimesalimika, na mjukuu wangu ndiye aliyelipa. Nipeni maji."

"Baba," akasema Ambele, "mila hukuitunga wewe."

"Sikuitunga. Niliilalia, kama kuku yule."

Akaita, "Mkamwana." Lusungu alikuwa amekaa pembeni kidogo, macho kwenye mikono yake. "Mkamate yule kuku. Ni wako. Watu hawapo wa kupiga vigelegele, nisamehe. Taja."

Lusungu akaenda akamkamata tetea. Vifaranga vikamfuata vikilia. Akarudi akasimama naye kifuani, akafumba midomo. Ilikaa imefumbwa muda mrefu, mpaka Ambele akainua uso kumwangalia.

"Moto," akasema Lusungu.

Alilisema polepole, kama mtu anayejaribu daraja kwa mguu mmoja. Kisha akamwachia kuku.

"Baba, nimeshukuru. Lakini maji usiyashike. Mila yako ilinifunga mimi. Temwa haikumfunga. Mjukuu ana ruhusa, kijiji kizima kinajua, hata wewe ulicheka siku ile alipokutaja. Aliyemkataza ni mimi. Nilimfundisha vizuri, neno linaanzaje, midomo inakaaje, halafu nikaweka kiganja juu ya kazi yangu mwenyewe. Kiganja ni hiki." Akakinyoosha mbele yao, cha kulia, chenye weusi wa maganda ya ndizi. "Mlichokosea ninyi ni kuchelewa. Mimi sikuchelewa. Nilifanya siku ileile."

"Ulifanya kwa hofu," akasema mama Sekela, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Na hofu niliitia mimi. Nani alisema umeajiri mdogo wa kukutajia? Nilisema mimi, kwa kuwachekesha wanawake. Nilikuwa nimekwisha kusahau mpaka sasa hivi. Unaona, Lusungu? Mdomo wake ulianza kufungwa kwa mdomo wangu na ukamaliziwa na sikio langu."

"Ulitania, mama. Ni mimi niliyekwenda nyumbani na utani."

Ambele akamsogelea mkewe, akasema chini chini, lakini wote walisikia.

"Mama Temwa, umesikia alichosema mkunga. Atamjua mtu huyo maisha yake yote. Nikijulikana mimi, sawa, baba hukosa, mtoto hukasirika, hukua. Baba yangu akijulikana, ni mzee. Lakini wewe? Akiamka anaumwa ataita nani?"

Hilo Lusungu alikuwa ameliwaza tangu mkunga alipoondoka, na alikuwa amejificha nalo.

"Ataniita mimi," akasema, "au hataniita. Lakini nikimwacha mtu mwingine ajulikane kwa kosa langu, akiniita nitaitikaje?"

"Na kama si lako?" akauliza Mzee Moyo. "Umeshika maji kwa sababu una uchungu kuliko sisi, maji yakaenda bure, mtoto akabaki hivi. Uchungu si kosa, mkamwana. Wewe siku zote ulikuwa mwepesi wa kujiona mkosaji. Hata mbwa alipokubwekea uliomba radhi."

Kwa mara ya kwanza tangu moto, mama Sekela akacheka, kisha akajifuta macho kwa upindo wa kanga.

Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye majani ya ndizi. Maji ya chemchemi hayalali. Asubuhi yangekuwa maji tu. Mikono minne ilikuwa kwenye kata: mkono wa jembe, mkono wa mianzi, mkono uliokunjamana, na mkono wenye weusi wa ndizi. Hakuna aliyevuta, hakuna aliyeachia.

Hapo Temwa akainua uso.

Aliwatazama mmoja mmoja. Kisha, polepole, akafunga midomo yake. Aliifunga barabara, kama alivyofundishwa, ikakunjana kidogo pembeni, na Lusungu aliyeijua midomo ile kuliko vidole vyake mwenyewe akaona kwamba hii siyo midomo ya kunyamaza. Nyuma yake lilikuwapo neno. Lilikuwa linakuja.

"Ananiita," akasema Lusungu kwa pumzi. "Ni ma. Mama."

"Ni ba," akasema Ambele. "Baba."

"Babu," akasema Mzee Moyo.

Na mama Sekela, ambaye mtoto hakupata kumwita kwa jina jingine ila mama Sekela, hakusema kitu, maana alijua yeye naye huanza hivyohivyo.

Wakamtazama mtoto midomo, na mtoto akawatazama wao, na kata ikatetemeka maji yakaanza kumwagika, tone moja, na jingine, kwenye majivu.

Ninyi mliokaa hapa mkisikiliza, msiniangalie mimi. Maji yanaisha na mtoto anangoja. Yuko aliyeitwa akacheza, yuko aliyeombwa akatania, yuko aliyekuwa na ufunguo akauchelewesha kwa kuupenda, na yuko aliyeweka kiganja. Je, nani kati yao alistahili kuishika kata ile?